Umbo la Pande Mbili

Msomaji wangu, kabla hujaendelea mbele, nakuomba utwae karatasi, kalamu na rula, kisha uchore umbo lililozingirwa na mistari miwili tu iliyonyooka. Usiongeze wa tatu, wala usipinde hata mmoja. Jaribu kwa dakika moja. Mistari yako ukiianzisha katika nukta moja itaachana, na kadiri utakavyoirefusha ndivyo itakavyozidi kuachana. Ukiilazimisha ikutane mara ya pili, haina budi kulaliana, mmoja juu ya mwenziwe, na kile ulichokitarajia kuwa umbo kitakuwa mstari mtupu, usio na tumbo la kutosha hata chembe moja ya mchanga.

Zoezi hili niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili mjini Garissa mwaka 1999, si kwa sababu lina jibu, bali kwa sababu halina. Nilikuwa mwalimu mchanga, na kama wachanga wengi waliokabidhiwa chaki, nilipenda maswali ambayo siri yake niliijua mimi peke yangu. Ilikuwa baada ya adhuhuri. Joto la Garissa saa hizo hushuka kutoka katika bati na kupanda kutoka katika mchanga, na mwanafunzi akaaye kati ya mawili hayo hastahili kulaumiwa akisinzia. Wengi walijaribu, wakafuta, wakacheka, wakaweka kalamu chini. Mmoja akainua mkono.

Alikuwa kijana mrefu, mchache wa maneno, ambaye jamaa zake walipoteza mbuzi wengi katika mvua kubwa za mwisho wa mwaka 1997, mto Tana ulipofurika. Tangu hapo likizo zake alizitumia kwa vibarua katika mashamba ya kando ya mto. Akasimama, akasema, "Mwalimu, umbo hilo lipo."

"Lipo wapi?"

"Ni ganda la kipande cha tikiti. Lina pande mbili na pembe mbili."

Nilimjibu kwamba pale tulikuwa tukisoma jiometri, hatukuwa tukiuza matunda, na kwamba angeweza kuketi. Darasa zima likacheka. Nakiri kwamba kicheko kile kilinipendeza, kwa maana mwalimu mchanga hukipokea kicheko cha darasa kama mshahara wa pili. Kijana akaketi.

Usidhani, msomaji, kwamba sikuwa na hoja. Hoja nilikuwa nayo, tena haikuwa mbaya. Maumbo ya mistari iliyonyooka, ambayo vitabu vyenu huyaita poligoni, yana sheria moja nzuri juu ya pembe zake. Hesabu pande, toa mbili, kilichobaki zidisha kwa 180, nawe umepata jumla ya digrii za pembe zote za ndani. Pembetatu ina 180, pembenne ina 360, pembetano ina 540. Sasa ijaribu sheria hiyo kwa umbo la pande mbili. Mbili toa mbili ni sifuri, na sifuri mara 180 ni sifuri. Pembe zake zote mbili hazina upana wowote. Mlango umefungwa, na ndani hamna kitu. Ukiijaribu kwa umbo la upande mmoja mambo huwa ya ajabu zaidi, kwani moja toa mbili ni pungufu ya sifuri, na jumla ya pembe hutoka kuwa digrii 180 chini ya sifuri. Jambo hili la mwisho nililisema darasani kwa kejeli, ili kuonyesha jinsi upuuzi unavyozaa upuuzi.

Hata pembetatu huweza kupatwa na msiba huo. Chora moja, ushike kitako chake, kisha ishushe ncha yake polepole kuelekea kitako. Pembe ya juu hupanuka, pembe za chini hupungua, mpaka ncha ilale juu ya kitako. Hapo pembe moja ni 180 na mbili ni sifuri. Jumla yake, ukitazama vema, bado ni 180. Sheria haikuvunjika, umbo ndilo lililokufa. Wataalamu wa hesabu huyatenga maumbo ya namna hii na kuyahesabu kuwa yamezorota. Mimi huyaita maumbo yaliyosinyaa, kwa sababu hunikumbusha kiriba kilichomwagwa maji: ngozi ipo, mishono ipo, lakini pande zake zimegandamana. Euclid mwenyewe, Myunani aliyefundisha Iskanderia yapata miaka 300 kabla ya Masihi, alipoyapanga maumbo haya alianzia na yale ya pande tatu. Basi nikiwa na Euclid nyuma yangu, ningemwogopa nani?

Kijana yule hakuinua mkono tena. Si siku ile, wala wiki ile, wala muhula ule. Daftari lake lilikuwa safi na majibu yake yalikuwa sahihi, lakini sauti yake ilikuwa imetoka katika somo langu, nami sikulitambua hilo mpaka muhula wa tatu, alipotoweka yeye mwenyewe. Jamaa zake, nikaambiwa, wamehama na mifugo iliyobaki kuelekea pande za Liboi. Katika orodha ya darasa nikapiga mstari mmoja ulionyooka juu ya jina lake, kama ilivyo desturi.

Mwezi wa Mei mwaka uliofuata, wazee wa mtaa niliokuwa nikikaa walikuwa wakijenga msikiti mdogo. Waliniita niwashuhudie wakipata kibla, kwa kuwa mwalimu wa hesabu hudhaniwa kuwa anajua kila kitu kinachopimwa. Nilikwenda na dira mfukoni. Sheikh mmoja mwenye ndevu za hina aliiangalia dira yangu kwa adabu, akanirudishia. Yeye alikuwa na fimbo ya mita mbili na saa ya mkononi.

Ndipo nilipojifunza jambo ambalo huenda wewe unalijua. Kila mwaka, tarehe 27 au 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana kwa saa zetu za Afrika Mashariki, jua huwa wima juu ya Kaaba. Dakika hiyo, mahali popote panapoonekana jua, kivuli cha fimbo iliyosimama wima huelekea upande ulio kinyume na Makka. Sheikh alisimamisha fimbo yake, akaiangalia saa, akaweka jiwe penye mwisho wa kivuli. Kivuli kilikuwa kifupi, kama sentimita 80 hivi, nacho kilielekea kusini. Fundi akafunga uzi penye jiwe, akaupitisha kwenye fimbo, akauvuta kaskazini mpaka ukalia kama uzi wa zeze.

Nilishangaa jinsi ulivyoelekea kaskazini barabara. Nyumbani nilifungua atlasi, nikaona sababu. Garissa ipo longitudo 39 na dakika 39 mashariki. Makka ipo 39 na dakika 49. Ukichora pembetatu juu ya uso wa dunia, ncha zake zikiwa Garissa, Makka na Ncha ya Kaskazini, utapata pembetatu nyembamba mno, ambayo pembe yake iliyo Garissa haifiki hata nusu digrii. Laiti mji ungalijengwa kilomita 20 hivi mashariki zaidi, pembetatu hiyo ingalisinyaa kabisa, na mwenye kusali Garissa angalielekea Makka na Ncha ya Kaskazini kwa uso mmoja.

Lakini nimetangulia mbele ya kisa. Tulipokuwa bado kiwanjani, Sheikh aliniuliza, "Mwalimu, uzi huu ukivutwa bila kukatika, utafika Makka?"

"Naam, Sheikh, utafika."

"Na ukiendelea kuvutwa?"

"Utafika karibu sana na Ncha ya Kaskazini."

"Nao utakuwa umenyooka njia nzima?"

Nikasema ndiyo, umenyooka, kwani uzi uliokazwa hauna namna nyingine ya kuwa. Neno lile halijamaliza kutoka kinywani mwangu, nikalikumbuka tikiti.

Nifahamu vema, msomaji. Hoja ambayo ningalimpa kijana yule, kama ningalimheshimu kwa kumpa hoja, ni kwamba kingo za ganda la tikiti zimepinda, kwa hiyo si mistari iliyonyooka, kwa hiyo umbo lake si poligoni. Lakini dunia nayo ni tufe, na uzi wa fundi, ukivutwa mpaka Makka, hauna budi kupinda pamoja nayo. Nami nilikuwa nimekwisha kukiri mbele ya wazee, kwa ulimi wangu, kwamba uzi ule umenyooka. Ama wote wawili wamenyooka, uzi na ukingo wa ganda, ama hakuna hata mmoja.

Jioni ile nilinunua tikiti sokoni, lile la duara, nikalizungushia uzi mezani kwangu. Uzi ukikazwa juu ya tufe haukai popote upendapo. Huteleza mpaka ukae juu ya duara lililo kubwa kuliko yote, lile ambalo kitovu chake ndicho kitovu cha tufe lenyewe. Hilo huitwa duara kuu. Mchungaji atembeaye nyikani bila kugeuka kulia wala kushoto hufuata duara kuu, ajue asijue. Kila longitudo ni nusu ya duara kuu. Ikweta ni duara kuu zima. Latitudo nyingine zote si madaraja makuu ya namna hiyo, na mtu anayezifuata huwa anageuka kidogo kidogo kila hatua, hata kama ramani ya ukutani humdanganya kwamba anakwenda sawasawa. Huo ndio unyoofu wa tufe. Unyoofu mwingine juu yake hakuna.

Na maduara makuu mawili, tofauti na mistari ya karatasini, hukutana mara mbili. Watu wawili wakiondoka Garissa kwa njia mbili tofauti, kila mmoja akaenda moja kwa moja, wataachana, watafika upeo wa kuachana, kisha wataanza kukaribiana bila hata mmoja kugeuka, na watakutana katikati ya bahari ya Pasifiki baada ya kilomita 20,000. Eneo walilolizingira lina pande mbili na pembe mbili. Nililiita pembembili, kwa kufuata pembetatu, nikakata tikiti.

Tutwae pembembili moja iliyo yetu. Chukua longitudo ya digrii 40 mashariki na ile ya digrii 41, kutoka ncha ya dunia mpaka ncha ya pili. Kipande hiki kina upana wa kilomita 111 kinapokatwa na ikweta, kusini kidogo tu ya Dadaab. Kufikia Wajir kimepungua kwa mita kama 50, na katika latitudo ya Mandera kimepungua kwa mita kama 260. Mpima ardhi mwenye vyombo vizuri huona kupungua huko, ngamia haoni. Ndani yake mmo Wajir, Dadaab na Liboi. Kusini mmo Lamu, Malindi na Mtwara. Kaskazini mna Taif ya Uarabuni, na mbali kabisa, penye theluji, mna Arkhangelsk ya Urusi. Sijapata kuona jamaa ya miji iliyo na watu wasiofanana zaidi ikikaa katika kipande kimoja cha tikiti.

Je, sheria ya pembe imevunjika? La hasha. Juu ya tufe pembe huzidi ile jumla ya karatasini, na ziada hiyo ndiyo kipimo cha eneo. Ziada ya tufe zima ni digrii 720. Pembembili yetu ina pembe mbili za digrii moja moja, jumla 2. Karatasini ingalikuwa na sifuri. Basi ziada yake ni 2. Gawanya 2 kwa 720, utapata sehemu moja katika 360 ya uso wa dunia, kama tikiti lenyewe lilivyokwisha kukuambia. Uso wa dunia ni kilomita za mraba milioni 510 hivi, kwa hiyo kipande hiki kina takriban 1,417,000. Kenya nzima, pamoja na maziwa yake, ina 580,000 na kidogo. Umbo lile nililolitangaza kuwa mfu darasani lingaliweza kuimeza nchi yetu mara mbili na bado likabaki na njaa.

Upande wa mashariki wa kipande hiki una habari yake. Kwa mkataba wa mwaka 1924 Uingereza iliipa Italia nchi ya Jubaland, na makabidhiano yakafanyika mwaka 1925. Mpaka mpya, ambao leo ni wa Kenya na Somalia, uliwekwa kwa sehemu kubwa ya urefu wake juu ya longitudo iliyopungua digrii 41 kwa umbali usiofika kilomita moja, kabla ya kupinda kuelekea Mandera. Waliouchora waliona mstari wa penseli uliopita katika karatasi nyeupe. Wachungaji waliokuwa na kisima huku na malisho kule, na shangazi upande huu na mjomba upande ule, ndio waliojua kwamba karatasi ile haikuwa nyeupe. Jamaa za mwanafunzi wangu walihamia karibu na mstari huo. Nilipokuwa nikila vipande vya tikiti usiku ule nilifikiri kwamba kijana anayeishi penye ukingo wa pembembili ana haki ya kuitambua kabla ya mwalimu wake.

Wala usidhani niligundua jambo jipya. Menelaus wa Iskanderia aliandika juu ya pembetatu za tufe yapata mwaka 100 baada ya Masihi. Maandishi yake ya Kiyunani yalipotea, yakasalimika katika tafsiri ya Kiarabu. Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973 huko Khwarazm, alifanya hesabu ndefu za namna hii ili apate kibla cha mji wa Ghazna. Wote hao walikuwapo katika maktaba za dunia siku ile nilipomwambia kijana akae chini. Kilichokosekana ni mimi kuwauliza.

Miaka ikapita. Mwaka 2013 nilikwenda soko la mifugo la Garissa kumnunulia jirani yangu mbuzi wa arusi. Vumbi lilikuwa limesimama kama ukuta, na madalali walikuwa wakishikana mikono chini ya shuka kupatana bei kwa vidole. Mtu mmoja mrefu, mwenye fimbo, aliniita kutoka nyuma: "Mwalimu!" Nikageuka, nikamjua kwa urefu wake. Alikuwa na mbuzi zaidi ya 40 waliotiwa alama nyekundu mgongoni, na ndevu chache zilizoanza mvi kabla ya wakati.

Baada ya kujuliana hali nilimwambia lile lililokuwa kifuani mwangu kwa miaka 13. Nilimwambia kwamba alisema kweli, kwamba mimi nilikosa, na kwamba nilipaswa kumwambia hivyo mbele ya walewale waliomcheka. Alinyamaza kidogo, akachora chora mchangani kwa fimbo.

"Wenzangu waliniita Tikiti mpaka nilipoondoka," akasema. "Kuna wengine bado wananiita."

Sikuwa na la kujibu. Jina hilo sikulijua. Mwalimu huwa wa mwisho kuyajua majina ya namna hiyo. Yeye, kwa ukarimu ambao sikuustahili, akaniuliza jambo jingine.

"Na lile la upande mmoja, Mwalimu? Ulisema nalo ni upuuzi. Nimelifikiri sana. Hapa tuna nafasi ya kufikiri."

Nilimwomba fimbo yake, nikachora tufe mchangani. Nikamwambia: piga kigingi kimoja juu ya ikweta, pale kusini ya Dadaab. Funga kamba, uende nayo mashariki bila kugeuka, uvuke Somalia na bahari, uizunguke dunia kilomita 40,000, urudi kutoka magharibi, uifunge penye kigingi kilekile. Umbo hilo lina upande mmoja na pembe moja, na pembe hiyo ni digrii 180, kwa kuwa kamba haikukunjika. Karatasini jumla ingalikuwa 180 chini ya sifuri. Kutoka chini huko mpaka 180 juu ya sifuri ziada ni 360, na 360 ni nusu ya 720. Eneo la umbo la upande mmoja ni nusu ya dunia, sawasawa na ikweta inavyoigawa. Ile namba niliyoifanyia kejeli ilikuwa ikitusubiri na jibu mkononi.

Aliitazama michoro ile kwa muda mrefu. Mbuzi mmoja akapita juu ya Asia. Kisha akatwaa fimbo yake, akakigusa kile kigingi nilichokitia alama, akakifuta kwa ncha yake mpaka duara likabaki tupu, lisilo na pembe wala upande wa kuanzia wala wa kuishia.

"Na nikiking'oa?" akauliza.

Nikaanza kuhesabu kwa sauti. Sifuri toa mbili, ni mbili chini ya sifuri. Mara 180, ni 360 chini ya sifuri. Nilipoinua macho nimwambie kwamba ziada ni ileile, na nusu ya dunia iko palepale, mnunuzi alikuwa amekwisha kumshika mkono chini ya shuka, naye alikuwa akitikisa kichwa, akikataa bei.